Naomba ushauri: dirisha la aluminiamu limekwama baada ya dhoruba

Habari zenu wakuu. Niko Kilwa Masoko, nyumba inatazama bahari. Juzi upepo ulivuma usiku kucha. Vioo havikuvunjika, ila dirisha la chumba cha watoto nikilisukuma linakwama katikati, na kwenye kona ya kioo kuna ufa mwembamba kama unywele, nikipitisha kucha inanasa. Plasta chini ya fremu imelowa, ukibonyeza inamomonyoka.

Nimetoa mchanga kwenye reli na kuzibua vitundu vya maji, bado. Nikalimwagia maji kwa nje: yanapenya kati ya fremu na ukuta.

Je, silikoni mpya itatosha, au fremu imepinda ing'olewe? Na kioo hicho kinaweza kusubiri mwisho wa mwezi? Watoto nimewahamishia sebuleni, nina wasiwasi kweli.