Natafuta kaka yake bibi, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu) aliyezama na meli vita ya Hitla. Nianzie wapi mtandaoni?

BintiHandeni

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Bibi yangu mzaa mama yuko hai, yuko Handeni. Akili timamu kabisa, macho tu ndiyo yameanza kumsumbua. Kaka yake mkubwa, Saidi bin Athumani, aliingia Keya wakati wa vita ya Hitla na hakurudi. Bibi alikuwa mtoto, lakini anakumbuka jumbe alivyofika nyumbani na karani wa boma, baba yao akaitwa pembeni chini ya mwembe, akaambiwa kijana wako amefia majini, alikuwa anapelekwa Bama (Burma, sasa Myanmar) na meli imezama. Wakakaa matanga bila maiti. Mama yao alikataa nguo za Saidi zisigawiwe, zikakaa sandukuni miaka mingi. Karatasi waliyoletewa na boma iliwekwa humo humo, mchwa wakaimaliza.

Tunachojua ni haya: alikuwa "wa mizinga", hakuwa ameoa, na aliondoka kijijini na kijana mwingine wa jirani ambaye yeye alirudi, sasa ni marehemu. Namba ya jeshi hatuna.

Nimeingia Google na simu yangu, nikakutana na tovuti moja ya ukoo inayotaka ulipie kila mwezi kwa dola ndipo ikufungulie hata ukurasa mmoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hiyo siiwezi. Naomba kujua: kuna orodha ya bure ya askari wetu waliokufa? Na mtu asiye na kaburi, jina lake linaweza kuwa limeandikwa popote? Bibi ananiuliza hili la pili kila nikienda kumsalimia.

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa masijala ya serikali mpaka nikastaafu, na marehemu baba yangu naye alikuwa Keya, batalioni ya 26, akapigana Bama na kurudi. Kwa hiyo swali lako nimelisoma mara mbili.

Kwanza, usilipe hata senti. Orodha unayoitafuta ni ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na minara ya askari wa Uingereza na makoloni yake waliokufa katika vita zote mbili kuu. Tovuti yao ni cwgc.org, iko wazi kwa kila mtu.

Pili, maneno ya bibi yako yana uzito. "Wa mizinga", "majini", "akipelekwa Bama": ukiyaweka pamoja yanaelekea kwenye meli moja, Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, ndani ya msafara wenye manowari za kuulinda. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa topido. Ilizama ndani ya dakika chache mno, watu wengi wakiwa chini kwenye vyumba vya ndani. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake, lakini wengi wao walikuwa askari wa Regimenti ya 301 ya East African Artillery. Ndio hao wa mizinga.

Sisemi kwamba ni lazima alikuwa humo. Nasema anzia hapo, kwa sababu tarehe na kikosi unavyo hata kama namba huna.

Sasa fanya hivi. Ukifungua ukurasa wa kutafutia waliokufa, usiandike jina. Watu wengi hukwama hapo hapo kwenye jina, halafu wanakata tamaa wakidhani hayupo. Weka tarehe ya kifo 12 Februari 1944, kwenye sehemu ya kikosi andika East African Artillery, acha mengine wazi. Itakuja orodha ndefu. Ipakue kama jedwali, inaruhusiwa, kisha isome yote taratibu ukiwa na kalamu. Kazi hii usiifanyie kwenye simu kama unaweza kupata kompyuta ya shule, maana kwenye simu mistari inakatika na utaruka watu.

Kwa nini usiandike jina? Karani aliyemwandikisha alikuwa anaandika alichosikia. Saidi anaweza kuwa Said, Saeed, Sayid au Seid. Athumani ndiyo balaa zaidi: Athman, Asumani, Asman, Osman, Othman. Na mara nyingi hawakuandika "bin", waliandika herufi s/o, yaani mtoto wa fulani. Wakati mwingine jina la baba ndilo limekaa mahali pa jina la ukoo, wakati mwingine la mtoto, wakati mwingine yote mawili yamejazana sehemu moja. Kompyuta haielewi kwamba Asumani na Athumani ni mtu mmoja. Wewe unaelewa, bibi yako ndiye zaidi, msomee kwa sauti.

Ukimpata, bofya jina. Utaona cheo (wa mizinga wengi wameandikwa Gunner), namba ya jeshi, na kwa bahati nzuri mstari wa maelezo ya ziada unaotaja baba na wilaya aliyotoka. Angalia pia kama chini kuna picha za nyaraka za zamani za tume yenyewe, mara nyingine tahajia ya humo ni tofauti na ile ya kwenye tovuti. Pia kuna cheti cha kumbukumbu chenye jina lake, unakipakua bure na kukichapisha.

Swali lako la kaburi: ndiyo, jina linaweza kuwa limeandikwa. Askari wa Regimenti ya 301 waliokufa na meli hiyo wanakumbukwa kwenye mnara wa East Africa Memorial, ulio ndani ya Nairobi War Cemetery. Wale waliofia Bama kwenyewe bila kaburi kujulikana majina yao yako Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan, yenye majina karibu 27,000. Kwa hiyo usipomkuta upande wa meli, tafuta huko.

Kuhusu Nyaraka za Taifa za Uingereza, zile za Kew, London: utasikia watu wakikuambia "andika Kew". Katalogi yao ipo mtandaoni na inafaa, lakini usitarajie jalada la askari mmoja mmoja wa Kiafrika. Utakachokuta ni shajara za vikosi, kwa mfano zile zenye alama WO 172 ambazo ni za vikosi vilivyokuwa upande wa Bama. Zinaeleza kikosi kilikuwa wapi siku gani. Mimi zilinisaidia kuelewa safari ya baba, bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, mvua ya 1944, ila jina lake halimo hata mara moja. Maofisa wa Kizungu wanatajwa kwa majina, askari wanatajwa kwa idadi. Inauma, lakini ndivyo zilivyoandikwa.

mjukuu_wa_mpagazi

Naomba kudandia uzi. Sisi babu mkuu alikuwa mpagazi, Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), vita ya kwanza ya Mjerumani na Mwingereza. Alichukuliwa Dodoma, hakuonekana tena. Nikiweka jina lake cwgc.org hakuna kitu. Nikosoe kama naandika vibaya.

Karani_Mstaafu

Huandiki vibaya ndugu yangu. Wapagazi wa vita ya kwanza hawakuandikwa majina kwenye minara. Walijengewa sanamu za pamoja, kama ile Askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 na zile za Nairobi na Mombasa, basi. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kukiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo wanatafuta orodha zilizosalia. Kwa hiyo usilifute jina lake kwa sababu tovuti imenyamaza. Liandike, na jina la baba yake, kijiji, na nani alichukuliwa naye, uliweke mahali ambapo wajukuu wataliona. FamilySearch, tovuti ya miti ya ukoo, ni ya bure, unaweza kumfungulia ukurasa na kuandika hadithi nzima jinsi wazee walivyoisimulia. Ila ukiwa humo, usinakili mti wa ukoo wa mtu mwingine kwa sababu tu majina yanafanana. Juma bin Hamisi wako wangapi?

Mwanamvita_NBO

Salaam dadangu wa Handeni. Mimi kwetu Mombasa lakini kazi iko Nairobi. Hayo makaburi ya vita yako Ngong Road, ni pazuri, panatunzwa, na mgeni huingia bila kuulizwa sana. Nimewahi kumpeleka shangazi yangu. Majina yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo ukinipa namba ya safu nitaenda moja kwa moja bila kuzunguka. Namba hiyo huwa kwenye ukurasa wake, karibu na jina la mnara.

Na kwa wengine mnaosoma uzi huu ambao jamaa zenu walivuka kuja kufanya kazi Kenya wakafia huku: tafuteni Kenya Gazette. Matoleo mengi ya zamani yamo Google Books, yanasomeka bure, na pia gazettes.africa. Watu wanadhani ni sheria tupu. Lakini humo mna matangazo ya mirathi, na kila tangazo lina jina la marehemu, alikofia, tarehe, na nani anaomba kusimamia mali, mara nyingi ni mke au mtoto. Mimi nilimpata mke wa pili wa ammi yangu kwenye tangazo la namna hiyo, mke ambaye nyumbani alikuwa akitajwa kwa kunong'onezwa. Leo watoto wake tunaalikana harusi.

Mteketa_Songea

Kwa upande wa Wakristo, vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni vina hazina kubwa, ila vingi bado viko parokiani na havijapandishwa mtandaoni, inabidi uende na heshima zako kwa paroko. Karatasi za wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana), wale wa Magila, Masasi na Zanzibar, ziko Oxford, maktaba ya Bodleian, na katalogi yake unaweza kuipekua ukiwa nyumbani.

Na picha! Msisahau picha. Imperial War Museum ya London imeweka mtandaoni picha za askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakiwa Bama, wale wa nembo ya kifaru, yule mnyama. Majina ya waliopigwa picha ni nadra kutajwa, lakini mzee wetu mmoja alipoonyeshwa alimtambua mwenzake kwa jinsi alivyosimama.

BintiHandeni

Wazee wangu, asanteni sana. Nimetumia kompyuta ya ofisi ya mratibu elimu baada ya saa za kazi, nikafanya kama Baba Karani alivyoelekeza. Orodha imekuja. Nimekaa nayo mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Sikujua kama vijana wengi hivi walikufa saa moja.

Majina yanayoweza kuwa lake yapo zaidi ya moja, na tahajia kweli ni kama ulivyosema. Mengine yana wilaya, mengine hayana kitu. Sitaki kumpelekea bibi jina la mtoto wa mtu mwingine. Nitachaguaje?

Karani_Mstaafu

Hapo umefika pagumu, na unafanya vizuri kusita.

Usimpelekee bibi karatasi ukamuuliza "ni huyu?" Mtu mzima anayesubiri jibu tangu utotoni atakubali la kwanza. Muulize yeye kwanza, bila kumwonyesha lolote. Kijiji chao wakati ule kilikuwa chini ya jumbe gani? Boma alilotoka yule karani ni la Handeni au Korogwe? Athumani, baba yao, alikuwa na jina jingine, la ukoo au la utani, ambalo watu wa boma wangeweza kuliandika? Saidi mwenyewe je, alijiandikisha akiwa nyumbani au akiwa kwenye mashamba ya mkonge? Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu wengi waliandikishwa walikokuwa wanafanya kazi, na wilaya iliyoandikwa ikawa ya huko. Rekodi sauti yake akijibu, simu yako inatosha.

Nenda pia kwa watoto wa yule jirani aliyerudi. Askari walioingia siku moja mara nyingi walipewa namba zinazofuatana. Kama kuna kitabu chake cha kuachia jeshi, kimebaki kwenye sanduku la mtu, chukua namba yake uilinganishe na za hao uliowapata. Medali isikupe tumaini sana, nyota za vita ya pili za Mwingereza hazikuchorwa jina wala namba, tofauti na zile za vita ya kwanza. Karatasi ndiyo ya kutafuta.

Ukishapata moja inayokubaliana na mambo hayo, na ukaona tume imeandika jina kimakosa au haikuweka jina la baba, waandikie. Wanapokea maombi ya kusahihisha ukiwa na ushahidi. Mimi nitakusaidia kuiandika barua hiyo kwa Kiingereza, nitumie ujumbe wa faragha.

BintiHandeni

Bibi amejibu leo kwa simu ya mjomba. Athumani aliitwa pia Mhina, na hilo ndilo jina boma walilomwitia siku ile. Saidi aliandikishwa akiwa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Sikumwuliza chochote kingine, nitakwenda Jumamosi na kurekodi. Kwa watoto wa jirani nimeshatuma salamu.

Kwenye jedwali nimerudi kutafuta Mhina badala ya Athumani.

Mwanamvita_NBO

Haya, hiyo ni habari. Ukishaamua ni yupi, nipe jina kama lilivyoandikwa kwenye tovuti, herufi kwa herufi, pamoja na ile namba ya safu. Niko Nairobi mpaka mwisho wa mwezi, na Jumapili asubuhi pale huwa hapana msongamano. Nitapiga picha ya safu nzima, halafu ya jina peke yake kwa karibu, ili bibi aone hata kwa macho yake hayo.