Naomba ushauri: Jumapili tunakutana na wakazi kuhusu uwanja wa kriketi, mkutano uendeshweje?

Nahodha_wa_Mtaa:
Wakuu, habari za jioni. Usingizi umenikimbia, naomba mnisaidie.

Nasimamia klabu ya kriketi ya vijana kwenye mtaa mmoja pembezoni mwa Dar. Wanaokuja mazoezini ni kama watoto 60, wasichana 22. Pichi yetu, yaani ule ukanda wa katikati ambako mpira unarushwa na kupigwa, ni mkeka uliotandikwa juu ya udongo, na mpira ukitua kwenye kikunjo unaruka hadi kidevuni kwa mtoto. Choo hatuna, maji hatuna, wasichana wanabadilishia nguo nyuma ya ukuta wa shule.

Sasa amepatikana mfadhili. Tunafikiria pichi ya zege yenye zulia, neti mbili za mazoezi, vyoo, chumba cha kubadilishia nguo, stoo na tenki la lita 5,000. Jumapili saa kumi jioni kuna mkutano na wakazi. Mkutano uendeshweje ili watu waridhie, na nianze na kipi kati ya hivyo?

Fundi_Zege:
Ya mkutano watakuja wanaoyajua, mimi nakupa ya pichi. Wiketi hadi wiketi, yaani vijiti vya upande huu hadi vya upande ule, ni mita 20.12, na nyuma ya kila wiketi acha nafasi ya mrushaji kukanyaga, hivyo urefu wa mita 25 unatosha. Upana, mita 2.7.

Chini weka kifusi sentimita 15, ukishindilie kwa tabaka mbili, kila tabaka lilowe kidogo kabla ya mashine kupita. Juu yake nondo za BRC, zile za wavu, zilizoinuliwa kwa vipande vya zege, zisilale chini. Halafu zege la sentimita 10, mchanganyiko wa moja, mbili, nne. Usikubali fundi alisugue kwa mwiko wa chuma mpaka ling'ae kama sebule. Linatakiwa lisuguliwe kwa ubao, liwe na mkwaruzo wa kushika gundi ya zulia. Kata viungio kila baada ya mita 4 hivi, kina cha sentimita 2.5, kabla saa 24 hazijapita. Usipokata, zege litajikatia lenyewe mahali usipopataka. Kisha magunia ya maji siku saba, mchana na usiku.

Mama_Darasa_la_Saba:
Wasichana 22 bila choo, halafu tunaanza na zulia? Choo kwanza. Kiwango cha shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Fanya matundu mawili ya wasichana, mawili ya wavulana, milango isitazamane. Cha wasichana kiwe na komeo la ndani, maji humohumo ndani, ndoo yenye mfuniko na ndoano ya kutundika begi. Ndoano mafundi huisahau, na sare nyeupe haiwekwi chini. Tenki likae juu ya mnara wa mita 2 angalau, la sivyo maji yatatoka kwa manung'uniko.

Karani_wa_Kata:
Mleta uzi, kabla ya zege na vyoo: hilo eneo ni la nani, na sasa hivi linatumiwa na nani?

Nahodha_wa_Mtaa:
Ni eneo la wazi la mtaa, mkuu. Mwenyekiti anajua. Fundi Zege na Mama, asanteni sana. Kuhusu zulia, la milimita 9 au 12?

Karani_wa_Kata:
Zulia lisubiri. Mwenyekiti "anajua", au upo muhtasari wa mkutano wenye sahihi? Kuna kibali cha halmashauri? Eneo la wazi lipo kwenye ramani ya mipango miji, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuruhusu jengo la kudumu hapo kwa neno la mdomo. Na swali la pili hujalijibu. Nani analitumia?

Nahodha_wa_Mtaa:
Sawa, niseme tu. Kuna timu ya mpira wa miguu inafanya mazoezi hapo kila jioni. Kuna mama lishe wanne upande wa barabara, na wanafunzi wanakatiza kwenda shule. Pichi tumeipanga katikati ya uwanja. Mtaro wa msingi wa pichi umechimbwa Jumatatu, kokoto na mchanga vimeshamwagwa, na fundi anamwaga zege Alhamisi.

Lakini wakuu mnielewe. Mfadhili anataka picha ya pichi kabla ya mwisho wa mwezi, asipoiona anahamishia fedha kwingine. Timu ya mpira haina hata goli lenye nyavu, sisi tunaleta maendeleo ya kila mtu. Na mwenyekiti amesema endelea, Jumapili tutawaeleza watu.

Winga_Teleza:
Kwa hiyo zege Alhamisi, maoni Jumapili! Hapo huwaombi watu ushauri, unawapa taarifa. Na hiyo timu ya mpira ni ya vijana wa mtaa huohuo, wengine ni ndugu wa hao watoto wako. Halafu tuambizane ukweli, kriketi ni ya klabu za mjini. Uswahilini watoto wanataka kandanda.

Spina_wa_Jioni:
Winga, kwenye la mkutano upo sahihi kabisa, kwenye kriketi umechelewa. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri huo, mara ya kwanza kwa Tanzania. Watazameni majirani pia. Rwanda walikuwa wanachezea kiwanja cha shule pale Kicukiro, Kigali, leo wana uwanja wa Gahanga, ulifunguliwa 2017. Mapaa yake yale ya matao yamejengwa kwa vigae vya udongo wa palepale, umechanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, kazi ikafanywa na watu wa karibu. Nahodha angeliuza wazo hilo mtaani kwake: matofali ya kushindilia kwa chumba cha nguo, vijana wa mtaa wayafyatue kwa malipo.

Mpekuzi:
Naona mnamwaga elimu bure. Mimi nasema hii ni chai. Mfadhili hana jina, mtaa hauna jina, mtaro umechimbwa lakini hakuna picha. Kesho kutwa mtaona namba ya kuchangia "mifuko iliyobaki". Nahodha, kama upo kweli, jibu bila kwenda kutafuta popote: mtaro unaelekea upande gani, ukubwa gani, na fundi ameandika mifuko mingapi ya saruji?

Nahodha_wa_Mtaa:
Mchango sijaomba na sitaomba humu. Jina la mtaa sitaji kwa sababu ya hao vijana wa mpira. Mtaro ni mita 25 kwa 2.7, kina sentimita 25. Unaanzia upande wa mwembe na kuelekea barabarani, yaani mashariki kwenda magharibi, unapita palepale kwenye duara la kati. Saruji mifuko 25. Eneo lote nimelipima kwa kamba: mita 140 kaskazini hadi kusini, mita 110 kwa upande mwingine. Nyumba zipo upande wa mashariki.

Spina_wa_Jioni:
Mashariki-magharibi? Simamisha hiyo kazi leo, usisubiri Jumapili. Mechi za jioni zinachezwa saa tisa hadi kumi na mbili. Mpigaji anayetazama magharibi atapokea mpira ukitoka ndani ya jua. Mpira wa ngozi wa wanaume wakubwa una gramu 156 hadi 163, wa watoto ni mwepesi kidogo lakini mgumu vilevile, na mtoto haoni kitu. Pichi hulazwa kaskazini-kusini.

Fundi_Zege:
Na hesabu ya saruji haikai. Mita 25 mara 2.7 mara 0.1 ni mita za ujazo 6.75. Mchanganyiko wa moja, mbili, nne unakula mifuko sita na nusu hivi kwa kila mita ya ujazo, yaani 44, na upotevu fanya 46. Mifuko 25 ni zege la kutoa vumbi. Mwaka haujaisha uso utakuwa unamomonyoka chini ya zulia, gundi inaachia, na mnarudi kwenye vikunjo vilevile. Kama bajeti haitoshi, punguza eneo, usipunguze saruji. Sheria za kriketi zinaruhusu uso wa bandia wa mita 17.68 kwa 1.83.

Mpekuzi:
Nimekuelewa, Nahodha. Mtu anayetunga asingejichongea namna hiyo. Nafuta neno la chai. Sasa msikilize Karani.

Karani_wa_Kata:
Shukuru kwamba mwelekeo umekosewa kabla zege halijamwagwa, maana ukiugeuza, ugomvi na mpira unapungua wenyewe. Chukua hizo mita 110. Uwanja wa mpira ulale kaskazini-kusini, mita 100 kwa 60, uanzie mita 3 kutoka mpaka wa magharibi. Mstari wake wa pembeni wa mashariki utakuwa mita 63 kutoka mpaka huohuo. Katikati ya pichi iwe mita 68. Hapo kuna zaidi kidogo ya mita tatu na nusu kati ya mstari wa mpira na ukingo wa zege, na mita 42 hadi mpaka wa mashariki. Kwa watoto zinatosha. Wakubwa wakicheza hapo mpira utafika kwenye mabati ya watu, kwa hiyo mechi za wakubwa ziwe na mpira laini, au zisiwepo. Zege liwe sawa na ardhi, lisiwe na ukingo wa kumkwaza winga.

Ila huo ni mchoro wangu mmoja. Jumapili peleka mitatu, na mmoja uwe wa kutojenga pichi hapo kabisa. Siku moja kabla, chora yote chini kwa chokaa na vigingi, ukubwa wake halisi, kwa sababu karatasi ya ramani watu wataitikia tu, lakini mtu akisimama kwenye mstari anaona njia yake ya shule imekatwa wapi. Kabla ya mkutano nenda kwa kocha wa mpira, mama lishe na nyumba za mashariki, mmojammoja. Ukiwakutanisha na jambo hili hadharani kwa mara ya kwanza, watalazimika kulipinga ili kulinda heshima.

Tangazo lipite ubao wa ofisi ya mtaa, misikitini na makanisani. Anayeandika muhtasari asiwe mtu wa klabu. Aandike waliopinga na sababu zao, kisha mahudhurio yenye sahihi yaambatane na barua ya kwenda kwa afisa mipango miji na afisa michezo, kupitia mtendaji.

Mama_Darasa_la_Saba:
Na wasichana uongee nao peke yao, akiwepo mwalimu wa kike. Saa kumi Jumapili akina mama wengi wako jikoni au sokoni, kwa hiyo weka kikao kifupi cha pili asubuhi. Uliza choo kifungwe na nani, ufunguo ukae wapi, maji yalipwe na nani. Vyoo vingi vya viwanjani vinakufa kwa kukosa jibu la ufunguo.

Nahodha_wa_Mtaa:
Naona. Lakini fundi ameshachukua asilimia 40, na mfadhili je? Nikimwambia tumesimama atadhani tumekula fedha.

Winga_Teleza:
Mpelekee picha ya watu 100 wamesimama kwenye mistari ya chokaa na muhtasari wenye sahihi zao. Akikataa hiyo, alitaka picha ya zege tu, na klabu hamna kitu mngepata kwake mwakani.

Nahodha_wa_Mtaa:
Nimempigia fundi, Alhamisi hamwagi. Mfadhili nimemwandikia, bado hajajibu. Mwenyekiti amekasirika kidogo. Kesho naanza na kocha wa mpira. Saruji iliyopo nifanyeje?

Fundi_Zege:
Iinue juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, funika kwa nailoni, ndani ya miezi mitatu haina shida. Asilimia 40 ya fundi igeuze kuwa kazi: azoe kokoto kwenye njia ya wanafunzi na afukie mtaro, maana vijana wanacheza hapo kesho jioni na shimo la sentimita 25 kwenye duara la kati ni mguu wa mtu. Asirudishe udongo wote kwa mkupuo. Tabaka la sentimita 12, maji kidogo, shindilia, kisha la pili, na juu kabisa acha kilima cha sentimita 2 kwa ajili ya kutitia.