Kulala Wat Pa Tam Wua siku nne: usafiri, njaa ya jioni na magoti

Mguu_Njiani:
Wakuu, habari. Novemba nitakuwa Chiang Mai, Thailand, na nataka kukaa siku nne kwa watawa wa Kibudha kwenye hekalu la Wat Pa Tam Wua, nifanye taamuli (kukaa kimya na kutuliza akili). Nafikaje, na nibebe nini? Mimi ni Mwislamu, je, nitatakiwa kusujudia sanamu? Halafu magoti yangu hayawezi kukunja miguu muda mrefu.

Kobe_Mzee:
Anza na kadi ya homa ya manjano. Ukitokea Tanzania, Kenya au Uganda, pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unapita kwanza kaunta ya afya, ndipo uende uhamiaji. Wengi hupanga foleni ya uhamiaji, wakifika mbele wanarudishwa. Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini ijaze ndani ya siku tatu kabla ya kutua.

Chiang Mai nenda stendi ya Arcade, upande kipanya cha kwenda mji wa Mae Hong Son kinachopitia mji mdogo wa Pai. Mpaka Pai pekee barabara ina kona 762, wameziandika hadi kwenye fulana. Kaa mbele, kula kidogo, meza kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla ya gari kuondoka. Mwambie dereva jina la hekalu mapema. Atakushusha njia panda, kisha unatembea kama kilomita moja. Toka asubuhi ili ufike mchana.

Malipo hakuna, kuna sanduku la sadaka. Chukua baht (pesa za Thailand) kwenye mashine ukiwa Pai, kabla hujaendelea mbele.

Bi_Taamuli:
Nguo nyeupe za kuvaa hekaluni wanakuazima. Za ndani beba nyeupe au za rangi ya ngozi, kwa sababu kitambaa chao ni chepesi na nyeusi inaonekana yote. Ongeza ndala (kila mlango unavua), tochi na sweta. Milimani Novemba usiku kuna baridi.

Ratiba imebandikwa kwa saa za kizungu, usije ukachanganya. Kwa saa zetu: kuamka kumi na moja alfajiri, na kumi na mbili na nusu mnawapa watawa wali. Mnapiga magoti kwa safu, kila mmoja na bakuli lake, watawa wanapita mmoja mmoja. Chota kijiko kimoja, dondosha bila kugusa bakuli la mtawa. Ukijaza kijiko, wali unakuishia kabla safu ya watawa haijafika mwisho. Mwanamke asimkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono.

Chakula hakina nyama, na cha mwisho ni saa tano asubuhi. Baada ya hapo ni vinywaji tu. Njaa huuma zaidi jioni ya kwanza na ya pili, hasa kwa aliyeacha kula asubuhi akidhani atafidia baadaye. Kula kifungua kinywa vizuri.

Pwani_Kwetu:
Magoti: kwenye taamuli, kosa ni kukaa bapa kwenye mkeka. Nyonga zikiwa chini ya magoti, mgongo unapinda na uzito wote unalemea viungo. Panga mito miwili au mitatu chini ya makalio mpaka magoti yashuke chini ya nyonga. Ikishindikana, omba kiti ukae nyuma. Ni jambo la kawaida. Tena kila kipindi cha taamuli kina kutembea, kukaa na kulala chali, kwa hiyo hukai saa mbili mfululizo. Kwenye kulala chali tatizo ni wakoromaji.

Kusujudu: hakuna atakayekushika shingo. Wenzako wakiinama, wewe kaa kimya. Ila usinyooshe nyayo kuelekea sanamu wala mtawa, hilo ni utovu wa adabu.

Swala zinaingia. Adhuhuri ni baada ya chakula, kabla ya kipindi cha saa saba. Alasiri ni baada ya saa tisa, kabla ya kufagia saa kumi. Magharibi ndiyo ya kuwahi: Novemba jua huzama kama saa kumi na moja na dakika hamsini, na nyimbo zao zinaanza saa kumi na mbili kamili. Uwe na udhu tayari.