Kordoma ya sakramu: kinyama kichukuliwe kupitia wapi, na sampuli ifike vipi Moshi?

Tabibu_Sakina (Arusha)
Habari za kazi wakuu. Mgonjwa wa miaka 61, kifandugu kinamuuma mwaka wa pili huu, kiti kigumu hakikaliki na choo kimekuwa cha shida. MRI imeonyesha uvimbe wa sentimita 7 katikati ya sakramu (mfupa ulio juu ya kifandugu), kuanzia S3 (pingili ya tatu ya mfupa huo) kushuka, mweupe sana kwenye T2 (aina ya picha ya MRI inayong'arisha majimaji). Ripoti inataja kordoma, saratani adimu ya mfupa. Ndugu wanataka utolewe wiki hii, na kuna aliyependekeza kinyama cha kupima kichukuliwe kupitia puru kwa kuwa uvimbe unashikika kwa kidole. Nifanyeje? Na kemo inasaidia?

Mifupa_Moshi
Tabibu, hiyo ya puru izuie leo hii. Kordoma hutokana na mabaki ya notokodi, ule uzi unaotangulia uti wa mgongo mtu akiwa bado kiinitete. Ndiyo maana hukaa katikati: sakramu, pingili za mgongo, au sakafu ya fuvu nyuma ya pua. Ndani yake ni ute mzito kama mlenda. Ukitobolewa ovyo humwagika, na seli huota pale zilipoangukia. Sindano ikipita kwenye puru, ukuta wa puru nao itabidi ukatwe, na mgonjwa aliyekuwa na nafasi ya kubaki na njia yake ya haja anaishia na mfuko tumboni.

Sindano iingie kwa nyuma, karibu na mstari wa katikati, ikiongozwa na CT. Njia aichague mpasuaji yule yule atakayefanya upasuaji mkubwa, kwa sababu itatolewa pamoja na uvimbe kama kipande kimoja. Aweke alama ya kudumu kwenye ngozi, kitobo hupona kikapotea. Kuukwangua vipande vipande ili "kupunguza maumivu" ndiko kunakoharibu: unarudi, na safari hiyo mipaka yake haieleweki tena. Waambie ndugu kwamba kwa kawaida ugonjwa huu hukua taratibu, wiki chache za kupanga si za kupoteza.

Patholojia_Moshi
Naongezea upande wa sampuli, maana inaweza kuharibika kabla haijavuka Boma Ng'ombe. Vipande 3 hadi 5 vya sindano nene, fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama, chupa ya mdomo mpana. Si spiriti, si maji ya chumvi. Saa ya kuchukuliwa iandikwe.

Vipande laini viwe chupa yake na vyenye mfupa chupa yake. Mfupa hulazimika kulainishwa, na asidi kali inaweza kuua kipimo cha brakiuri (protini ya seli za kordoma), ambacho hapa ndicho mwamuzi. Kwenye darubini tunaona seli zilizojaa mapovu ndani ya ute, lakini kondrosakoma (saratani ya gegedu) nayo inaweza kufanana hivyo. Kordoma hushika brakiuri kwenye kiini cha seli, kondrosakoma haishiki. Tuma na CD ya MRI, si picha ya simu.

Mionzi_TZ
Kemo: kwa kordoma ya kawaida, haisaidii. Mionzi husaidia, ila inataka dozi kubwa, Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) 70 na zaidi. Gy 74 kwa Gy 2 kila siku, siku 5 kwa wiki, ni vipindi 37. Naomba sana asipewe Gy 30 za kutuliza maumivu kabla mpango haujakaa sawa. Zinakula nafasi ya dozi kamili, kwani puru na mishipa ya fahamu haisahau mionzi. Mionzi ya protoni hupendelewa, hasa kwenye fuvu ambako shina la ubongo liko milimita chache tu. Chennai, India, wana kituo cha protoni tangu 2019.

Tabibu_Sakina
Nashukuruni sana. Ndugu wameuliza swali moja tu: ataweza kuzuia mkojo?

Mifupa_Moshi
Inategemea mizizi ya mishipa ya fahamu ya sakramu itakayobaki (kila namba ina mmoja kulia na mmoja kushoto). S2 zote mbili na angalau S3 moja zikiokolewa, wengi hubaki na uwezo. S3 zote zikienda, shida huwepo, nyingine hupungua kwa muda. S2 zote zikienda, atahitaji kujitoa mkojo kwa katheta. Kwa uvimbe huu S3 ziko hatarini, aambiwe kabla ya kutia saini. Na leo akishakojoa, mpime kwa ultrasaundi mkojo uliobaki kwenye kibofu, uandike kwenye faili. Bila namba hiyo hakuna atakayejua baadaye kilichosababishwa na uvimbe na kilichosababishwa na kisu.