Naomba ushauri: Pangani na mama mzazi, mwezi wa kwanza

Habari za humu wakuu. Mungu akipenda, Januari nampeleka mama Pangani kutoka Tanga mjini. Magoti yanamsumbua, lakini kwa historia humwambii kitu, na tangu aliposikia kuwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani, alinyongewa palepale Pangani, Desemba 1889, anataka kuona mji wenyewe: boma, majumba ya zamani yenye milango ya nakshi, na mto ulipoingilia baharini.

Njiani tutapitia Tongoni kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya minara. Hapo sina shaka, ni nyasi na mawe tu, atatembea taratibu.

Kinachonipa mawazo ni Maziwe. Kile kisiwa ni fungu la mchanga, maji yakijaa kinazama chote, hakuna mti wala kivuli. Je, niangukie siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, au siku za maji mafu bahari inakuwa tulivu zaidi? Na kaskazi ikivuma, boti inamfaa mtu wa miaka 70 na kitu? Kuna sehemu ya kupandia bila kulowa hadi kiunoni? Mimi naona bora tumwache afurahie pantoni ya kwenda Bweni, ila yeye hataki kusikia.

Pia naomba kujua kama mzee wa mji anayejua habari za zamani anapatikana kwa kuulizia bomani au sokoni, na tumpe shukrani kiasi gani bila kumvunjia heshima.