Tupeane uzoefu: nani alifanikiwa kuupiga picha mwezi uliopatwa kwa simu tu?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi na aibu yangu.

Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025 nilijipanga tangu alasiri. Kiti cha plastiki juu ya paa hapa Sinza, simu imejaa chaji, kahawa na kashata pembeni. Saa 1 na dakika 27 usiku mwezi ukaanza kumegwa ubavuni. Kufika saa 2 na nusu umefunikwa wote, mwekundu kama kigae cha mtungi, na ukakaa hivyo dakika 82. Macho yangu yaliona. Simu haikuona kitu. Nina picha 64: za mwanzo ni kitone cheupe kwenye giza, za wakati mwezi umeiva rangi ni giza tupu na balbu moja. Mke wangu akaikodolea macho ile ya mwisho, akauliza, "Hii si taa ya kwa jirani?"

Ilikuwa taa ya kwa jirani.

Leteni za kwenu. Picha ya kupakua mtandaoni sitaki, nataka uliyopiga mwenyewe na ulipokosea.

Mvuvi wa Kigamboni
Mimi ulinikuta kwenye pantoni narudi nyumbani. Pantoni inatikisika, mkono unatikisika, abiria wanasukumana. Mwezi wangu umetoka kama mnyoo. Nimemaliza.

Fundi Simu, Kariakoo
Mkuu wa Sinza, simu yako ni nzima. Mwezi mpevu unapigwa na jua lilelile la mchana, kwa hiyo ni kitu chenye mwanga mkali kilichokaa katikati ya giza kubwa. Simu inapima giza, inasema "hapa pana uhaba wa mwanga", inaongeza, na mwezi unageuka balbu. Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta kile kijua cha pembeni kishuke mpaka uyaone mabaka. Kama simu yako ina sehemu ya kujipangia mwenyewe, weka ISO (wepesi wa simu kuhisi mwanga) 100 na muda wa kupokea mwanga sekunde 1/200, uanzie hapo.

Sasa mimi fundi mzima nilikosea wapi? Kanuni hiyo ni ya mwezi unaong'aa. Ukishaingia wote kwenye kivuli mwanga unaporomoka vibaya sana, unabaki ule mwekundu kidogo uliopenya pembeni mwa dunia kupitia hewa yetu. Hapo unatakiwa upande mpaka ISO 800, sekunde 1 au 2. Nilisahau kubadilisha. Dakika 20 za kwanza za wekundu sina hata picha moja, na hapo nilikuwa nimewakusanya vijana wa dukani juu ghorofani niwafundishe.

Stendi pia sikuwa nayo, ya dukani kwangu ilikuwa imeuzwa mchana. Nikaomba mchele kilo moja kwa mama wa chini, nikauweka na mfuko wake ukutani, nikaupiga ngumi katikati pakawa na shimo, simu ikalala humo inaangalia mashariki kwa juu. Halafu nikaweka picha ijipige yenyewe baada ya sekunde 3, maana kile kidole cha kubonyeza tu kinatosha kuharibu. Picha niliyoipenda ilitoka saa 3 na dakika 40, mchele ukiwa umeshaanza kumwagika. Ukivuta sana zumu usizidishe sekunde, mwezi unatembea: dakika 2 hivi umeshahama upana wake mzima.

Mama Wawili, Mbagala
Fundi, umesema ya kitaalamu, ngoja niseme ya kwetu. Mwanangu wa kwanza alisahau kuzima flashi. Ilipowaka, popo wote wa kwenye mwembe wakaruka na mdogo wake akakimbilia ndani akilia kwamba mwezi umepasuka.

Fundi Simu, Kariakoo
😂😂 Dada, mwezi uko kilomita kama 384,000. Flashi ya simu haifiki hata choo cha uani.

Mzee wa Ilala
Wanangu, mie nina picha ya 2018, Ijumaa ya tarehe 27 Julai. Kule ndiko kulikuwa kupatwa hasa, saa 1 na dakika 43 nzima mwezi mwekundu, hakuna kurefu kama kule karne hii. Tuliswali swala ya kupatwa mwezi, rakaa mbili zenye rukuu mbilimbili, kisha tukatoka uani. Mwezi ulikuwa utosini kabisa na Mirihi inawaka kando yake. Simu yangu ilikuwa ya kawaida, nikajua mwezi siuwezi. Nikawapiga watu. Mwezi haumo, lakini kila ndevu imeelekea juu.

Mvuvi wa Kigamboni
Shikamoo mzee. Hiyo picha iweke hapa tafadhali.

Mzee wa Ilala
Marahaba. Iko kwenye simu ya zamani, mjukuu anatafuta chaja.

Kandambili, Mbezi
Mimi nilitumia darubini ya kuangalia ndege. Shida ni kulenga lenzi ya simu kwenye tundu la jicho, ukipepesuka kidogo tu giza. Nikachukua kandambili iliyokatika, nikaikata kisigino, nikatoboa tundu la kuchomeka darubini, nikaibandika nyuma ya simu kwa solotepu. Mwezi ulijaa kioo! Ila darubini ni nzito, kila nikipumua unatoka nje ya picha. Na futeni lenzi jamani, hewa ya baharini inaacha ukungu wa chumvi.

Mpita Njia, Tabata
Angalieni simu zisiwadanganye. Siku moja nilichora duara jeupe lililofifia kwenye kompyuta, nikazima taa nikalipiga kwa zumu kubwa. Simu ikaniletea mwezi wenye mashimo!

Mwenye uzi
Nimesoma zote. Fundi, lini tena hapa Dar?

Fundi Simu, Kariakoo
Wa kufunikwa wote mapema usiku ni tarehe 31 Desemba 2028. Utachomoza ukiwa umeshamegwa, wekundu kuanzia kama saa 1 na robo hadi karibu saa 2 na nusu. Utakuwa chini sana, kwa hiyo tafuta mahali ambapo mashariki ni peupe. Coco Beach, au uvuke Kigamboni.

Mwenye uzi
Basi nitavuka. Mashariki ya paa langu jirani, yuleyule wa taa, ameanza kumwaga nguzo za ghorofa.