Naombeni ushauri: arobaini ya binti yangu imekaribia na siwezi kutamka "kazi ya Mungu haina makosa"

Baba wa Wawili:
Wakuu, naandika usiku kwa sababu mchana nyumba bado ina wageni.

Mwezi uliopita tulimzika binti yetu, miaka 9. Alikuwa na selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Waliowahi kuuguza ugonjwa huu wanajua: vidonge vya foliki kila siku, maji kila saa, baridi ikiingia unamfunika, na usiku mifupa ikianza kuuma unamkanda miguu mpaka alfajiri huku maneno ya kumbembeleza yamekuishia. Safari hii homa ilipanda Jumatatu, Jumatano hatunaye. Kidonge chake cha Jumanne bado kimo kwenye kifuniko cha kidumu chake cha maji. Hakuna anayethubutu kukigusa.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya. Nimesimama misibani kwa watu sijui mara ngapi nikasema "kazi ya Mungu haina makosa", watu wakaitika amina. Zamu yangu ilipofika, kila aliyenipa mkono alinirudishia neno lile lile, na kila mara nilitaka kumuuliza: kwa hiyo hii ni kazi yake? Kama ni yake, wema wake uko wapi? Na kama si yake, yeye alikuwa wapi?

Jumamosi ya wiki ijayo ni arobaini. Misa itasomwa nyumbani, na mimi ndiye wa kutoa neno la shukrani. Mke wangu kaniambia nikilitamka lile neno atainuka aondoke. Kudanganya sitaki, kuwakwaza wazee sitaki. Nisemeje?

Chumvi Kidogo:
Pole sana mkuu. Mungu alimpenda zaidi, alihitaji malaika.

Baba wa Wawili:
Asante ndugu. Ila malaika si anao wengi? Mimi nilikuwa naye huyo mmoja.

Mshumaa Umezima:
Mwenyekiti, swali lako lina umri mrefu kuliko Ukristo wenyewe. Kama anataka kuondoa ubaya na hawezi, si mwenyezi. Kama anaweza na hataki, si mwema. Kama anaweza na anataka, ubaya unatoka wapi? Wewe umeshafika, unaogopa kubisha hodi tu.

Baba wa Wawili:
Hoja yako naijua, na siidharau. Lakini sikuja kuamua kama yupo. Nina ugomvi naye, na huwezi kugombana na asiyekuwepo.

Nabii wa Mtaa wa Pili:
Chunguzeni ukoo, watoto hawafi hivihivi. Kuna mtumishi anavunja laana za mababu, njoo faragha nikuunganishe.

Hadubini:
Wewe wa laana tulia, mtu yuko msibani.

Mkuu, mimi nafanya kazi maabara, na hili uliambie na shemeji kwa sababu najua anajilaumu. Ninyi wawili kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni ya selimundu, ndiyo maana hamuumwi. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa, na hesabu inaanza upya kila mimba. Hakuna aliyekosa. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akasema si yeye wala wazazi. Na Ezekieli 18 imeikataza ile methali ya baba kula zabibu chungu na mtoto kufa ganzi la meno.

Nikupe na linalonisumbua mwenyewe. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha mwaka 1954 kwamba aliyebeba nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Yaani kilichomuua binti yako huenda ndicho kilichowavusha babu zenu mpaka ninyi mkazaliwa. Nifanyeje na hilo, sijui. Mdogo wake amepimwa?

Mjukuu wa Katekista:
Pole mwenyekiti. Nilikaa seminari kuu miaka mitatu kabla sijatoka, somo hili nililipenda mno, nivumilie.

Jibu la kwanza la wengi ni hiari: Mungu alituacha huru, tukaharibu. Kwa mwizi na muuaji linafaa. Kwa selimundu halifiki, hakuna aliyechagua. Augustino wa Hipo, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alichimba zaidi. Karibu miaka 9 alikuwa na Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana. Alipowaacha akasema ubaya si kitu kilichoumbwa, ni wema uliopungua, kama upofu ulivyo kukosa kuona. Tazama hata jina la ugonjwa: seli nzuri imepinda ikawa mundu. Kabla yake askofu Ireneo wa Lyon alisema mtu aliumbwa mchanga ili akue, na waliomfuata wakaongeza kwamba maumivu yana kazi katika kukua huko.

Baba wa Wawili:
Nimekuelewa mkuu. Ila mwanangu hakuumwa na upungufu, aliumwa na nyonga. Na huko kukua, yeye akue lini, na miaka 9?

Mjukuu wa Katekista:
Hapo umenikamata. Augustino naye alifiwa na mwanawe Adeodato, kijana wa miaka kama 17. Mtu aliyejaza kurasa kwa wizi wa mapeasi ya ujanani, kifo cha mwanawe kakipa mistari michache mno. Nilipokuwa darasani sikuliona hilo.

Mama Mchungwani:
Baba, mimi nimezika wawili, niache niseme.

Makaburini tunasomewa Ayubu sura ya 1, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hakuna anayefunua sura ya 3, Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa. Wale rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila neno, hapo walikuwa watu. Walipofungua mdomo kumtetea Mungu, mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe akawakasirikia, akasema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Martha alimwambia Yesu usoni: ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Mariamu naye akaja na neno hilo hilo. Hakuwakemea, alilia.

Mwombe paroko isomwe Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Kisha simama uwashukuru watu: waliopika, waliochimba kaburi, waliolala chini na mkeo. Ukiweza kushukuru kwa ile miaka 9, shukuru. Usipoweza, kaa.

Mwana wa Sayuni:
Mama usipotoshe watu. Kumbukumbu la Torati 32:4, Mwamba, kazi yake ni kamilifu.

Mama Mchungwani:
Soma wimbo wote mwanangu. Musa alikuwa anawasuta Waisraeli kwa ukaidi wao. Hakuwa mbele ya kaburi la mtoto.

Baba wa Wawili (mrejesho):
Wakuu, arobaini imepita. Mdogo wake tumempima: amebeba nakala moja, haumwi. Hadubini, nilipopewa karatasi nilikukumbuka.

Paroko hakusita, Zaburi aliisoma mwenyewe. Nikashukuru watu kwa majina, nikafika kwenye miaka 9, sauti ikakata, nikakaa. Shemeji aliyekuwa mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akaanza, "Ndugu zangu, kazi ya Mungu..." Akamtazama dada yake. Kimya kidogo.

"...chakula kiko tayari, tuanze na wazee."